KOMBA, MNYAMA WA ZAMU YA USIKU

Jua linapotua nyuma ya mlima Kahuzi, mji wa Bukavu hubadilika. Wenye maduka hufunga milango. Akina mama wa soko la Kadutu hufunga mizigo yao na kushika njia ya nyumbani. Watoto huitwa waingie ndani. Lakini si watu wote wanaokwenda kulala. Katika ziwa Kivu, wavuvi wa sambaza ndipo wanapowasha taa zao. Hospitalini, muuguzi wa usiku anaanza kazi yake. Mlinzi naye anavaa koti lake zito na kukaa mlangoni.

Msituni pia kuna zamu mbili. Mchana kima huruka matawini, ndege huimba, na gorila hutafuna majani na machipukizi ya mianzi. Jioni hao wote hutafuta mahali pa kulala. Ndipo wengine wanapoamka. Mmoja wao ni mnyama mdogo sana, mwenye macho makubwa na mkia mrefu. Jina lake ni komba.

Watu wengi wamesikia sauti yake, lakini wachache wamemwona vema. Kwa sababu hiyo wengine humwogopa, na wengine humdhania kuwa panya. Wote wawili hawamjui.

Ukoo wake

Ukimwona komba kwa mara ya kwanza, labda utafikiri ni panya wa miti, au kindi. Sivyo. Tazama mkono wake. Una vidole vitano, na kidole gumba kinaweza kushika tawi. Vidole vyake vina kucha bapa kama za mtu, si makucha makali kama ya paka. Mkono huo unaonyesha ukoo wake. Komba ni wa jamii moja kubwa pamoja na kima, nyani, sokwe na gorila.

Lakini yeye si kima hasa, au makako kama wengi wanavyosema Bukavu. Ni jamaa yao wa mbali. Fikiri boma moja lenye nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza wanakaa kima, nyani, sokwe na gorila. Katika nyumba ya pili anakaa komba. Boma ni moja, lakini kila nyumba ina desturi zake.

Katika Afrika kuna aina nyingi za komba, karibu 20. Komba mkubwa anaishi Kenya, Tanzania na hata Katanga. Uzito wake hupita kilo 1. Yeye hulia usiku kama mtoto mchanga, na mgeni akimsikia hushtuka. Katika pwani ya bahari ya Hindi watu wanasema kwamba komba hupenda sana tembo, yaani pombe ya mnazi. Hupanda mnazi na kunywa katika chombo cha mgema. Kwa hiyo mtu aliyelewa sana huambiwa ni mlevi kama komba.

Komba wa msitu wa Kongo ni mdogo kuliko huyo. Mwaka 1806 mtaalamu mmoja wa wanyama aliyefanya kazi Moscow, Gotthelf Fischer, alimpa jina la Mrusi mmoja, Demidoff. Tangu siku zile wataalamu humwita komba wa Demidoff. Anaishi katika misitu ya Afrika tangu Senegal, kupitia Kamerun, Gabon na Kongo, mpaka Uganda. Yumo pia katika misitu iliyo magharibi ya ziwa Kivu.

Umbo lake

Chukua yai moja la kuku, uliweke mkononi. Uzito wake ni gramu 60 hivi. Basi, huo ndio uzito wa komba huyu. Mwili wake una urefu wa sentimeta 12, na mkia wake unapita mwili kwa urefu: karibu sentimeta 17. Angeweza kukaa ndani ya kisanduku cha chaki, ila mkia ungebaki nje.

Manyoya yake ni ya rangi ya hudhurungi mgongoni, na tumboni ni ya manjano hafifu. Katikati ya uso wake mna mstari mweupe unaoshuka mpaka puani. Pua yake ni ndogo na yenye unyevu, kama ya mbwa.

Vyombo vyake vya kazi

Seremala ana msumeno na randa. Mvuvi ana wavu na taa. Komba naye ana vyombo vyake vya kazi, navyo vyote ni viungo vya mwili wake.

Chombo cha kwanza ni macho. Macho ya komba ni makubwa sana kwa mnyama mdogo kama yeye. Nyuma ya jicho, kwa ndani, mna utando unaorudisha nuru kama kioo. Nuru kidogo ya nyota ikiingia jichoni, utando huo huirudisha, na jicho huipokea mara ya pili. Ndiyo sababu mtu akimmulika komba kwa tochi, huona vitu viwili vyekundu vinavyong'aa kama makaa ya moto. Hayo si mashetani. Ni nuru ya tochi yake mwenyewe inayomrudia.

Macho hayo ni makubwa hata hayawezi kugeuka sana mahali pake. Basi komba hugeuza kichwa chote. Anaweza kukigeuza mpaka akatazama nyuma ya mgongo wake, kama bundi.

Chombo cha pili ni masikio. Ni mapana na membamba kama jani. Sikio moja linaweza kuelekea mbele na lingine likaelekea nyuma. Kwa masikio hayo komba husikia panzi anayetembea juu ya jani kavu. Anapopita katika miiba, au anapolala, huyakunja masikio yake yasipate kuumia.

Chombo cha tatu ni miguu. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko mikono, na mifupa ya kifundo imerefuka sana. Kwa hiyo mguu wote hufanya kazi kama mtambo wa kurusha. Wataalamu walimpima komba mmoja wa nyika, mwenye uzito wa gramu 250 hivi. Aliruka kwenda juu zaidi ya mita 2. Simama mbele ya mlango wa darasa ukaufikirie: mnyama anayeenea katika mikono miwili ya mtoto angeruka tangu sakafuni mpaka juu ya mlango huo! Na anaporuka, mkia wake mrefu humsaidia asipinduke.

Chombo cha nne ni meno. Meno ya mbele ya taya la chini ni membamba, marefu kidogo, nayo yamesongamana kama meno ya kitana. Komba huchana manyoya yake kwa meno hayo. Manyoya yakikwama katika kitana, huyaondoa kwa kitu kama ulimi mdogo kilicho chini ya ulimi wake. Tena, kidole cha pili cha mguu wake kina ukucha mmoja mrefu. Vidole vingine vina kucha bapa. Huo mmoja ni wa kujikuna na kusafisha masikio.

Komba ana desturi moja ya kushangaza. Hukojoa kidogo mkononi, kisha husugua mkono huo katika wayo wa mguu. Basi kila tawi analokanyaga hubaki na harufu yake. Komba wengine wakipita hujua ni nani amepita hapo. Mtu huandika jina lake kwa kalamu. Komba huliandika kwa harufu.

Chakula chake

Huko Gabon, tangu miaka ya 1960, mtaalamu Mfaransa Pierre Charles-Dominique aliwachunguza wanyama hawa wa usiku kwa muda mrefu. Aliona kwamba, katika sehemu 10 za chakula cha komba wa Demidoff, karibu sehemu 7 ni wadudu: mende, nondo, viwavi, panzi. Karibu sehemu 2 ni matunda. Sehemu 1 ni utomvu wa miti.

Kwa nini hali majani kama gorila? Gorila ana tumbo kubwa. Anaweza kujaza majani mengi na kungoja polepole yasagike tumboni. Komba ana tumbo dogo, na mwili wake mdogo hupoteza joto upesi. Chakula chake lazima kiwe kidogo na chenye nguvu nyingi. Mdudu ni chakula cha namna hiyo.

Tazama anavyowinda. Anakaa kimya juu ya mtambaa. Masikio yanageuka. Nondo anapita. Komba anashika tawi kwa miguu yake ya nyuma, anautupa mwili wake mbele, na kumdaka nondo kwa mikono miwili akiwa bado hewani. Kisha anarudi mahali pake na kumla kuanzia kichwani. Yote hayo huisha kabla mtu hajahesabu mpaka tatu.

Wadudu wakipungua, utomvu humsaidia. Komba anaijua miti inayotoa utomvu. Huizungukia usiku, mmoja baada ya mwingine, na kukwangua matone yaliyoganda juu ya gome.

Kulala na kulea

Kabla ya mapambazuko komba huanza kuitana. Sauti yake huanza polepole, kisha huenda upesi na kupanda juu. Huyu anaita, yule anaitika, na hivyo wanatafutana gizani. Jike na jike mwenzake, pamoja na watoto wao, hukusanyika na kulala mahali pamoja. Hulala katika kiota cha majani cha mviringo, au ndani ya mitambaa iliyosongamana sana. Wakilala wamebanana, hawaoni baridi. Madume wengi hulala peke yao.

Basi sauti ile ya alfajiri, ambayo watu wengine huiogopa, si habari ya kifo wala ya uchawi. Ni mama komba anayewaambia wenzake: "Mimi niko hapa. Njoni tulale."

Jike hubeba mimba muda wa karibu miezi 4, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mtoto huyo huwa na uzito wa gramu chache. Mama hawezi kuruka akiwinda huku amebeba mtoto. Kwa hiyo humchukua kwa mdomo, akimshika ngozi kama paka anavyofanya, na kumficha kati ya majani. Mtoto hutulia kabisa. Mama huenda kula, kisha hurudi kumnyonyesha na kumhamisha.

Panya hawafanyi hivyo. Panya jike huzaa watoto wengi kila mara, na mara nyingi kwa mwaka. Panya 10 wakiuawa, baada ya miezi michache wamekwisha rudi. Komba 10 wakiuawa, pengo lao hudumu miaka mingi.

Adui zake

Mnyama mdogo ana adui wengi. Bundi humkamata kutoka juu. Kanu humwendea polepole juu ya tawi. Nyoka humtafuta katika kiota. Komba akimwona adui hupiga kelele kali, na wenzake wakisikia nao hupiga kelele, mpaka adui hawezi tena kujificha.

Sokwe naye huwinda komba. Mwaka 2007 wataalamu walieleza mambo waliyoyaona Fongoli, katika nchi ya Senegal. Sokwe wa huko huvunja tawi, huliondoa majani, na mara nyingine hulichonga ncha kwa meno. Kisha huchoma kijiti hicho kwa nguvu ndani ya tundu la mti ambamo komba amelala. Kwa hiyo mchana si wakati wa raha kwa komba, hata akiwa amejificha.

Jamaa zake ng'ambo ya bahari

Kwa nini komba alichagua usiku? Jibu moja linaonekana msituni penyewe. Mchana matawi yamejaa kima na ndege. Wanakula matunda yale yale na wadudu wale wale, nao ni wenye nguvu kuliko yeye. Usiku matawi ni wazi. Komba hula katika shamba lile lile, lakini kwa zamu nyingine, bila kugombana na mtu.

Ng'ambo ya bahari, katika Amerika ya Kusini, kuna msitu mkubwa wa mto Amazon. Huko komba hayupo kabisa. Basi nani anafanya kazi ya usiku? Kima wa usiku! Naye ni kima wa kweli, mwenye macho makubwa ya mviringo. Kati ya kima wote wa dunia, hao tu ndio wanaofanya kazi usiku. Nafasi ya komba ilikuwa tupu, nao waliishika.

Katika msitu huohuo yuko kima mdogo kuliko kima wote duniani, anayeitwa marmoseti mdogo. Uzito wake ni gramu 100 hivi, nao ni karibu mara mbili ya uzito wa komba wa Demidoff. Anaishi Brazil, Peru, Kolombia, Ekwado na Bolivia. Hutembea mchana. Chakula chake kikubwa ni utomvu. Kwa meno yake ya chini hutoboa vitundu katika gome, kisha hurudi kulamba utomvu unaotoka. Jike mara nyingi huzaa mapacha, na baba ndiye anayesaidia kuwabeba mgongoni.

Tazama basi: marmoseti na komba hawajakutana kamwe, bahari kubwa iko kati yao. Lakini wote wawili ni wadogo, na wote wawili huutafuta utomvu wa miti. Kwa hiyo wote wawili wana haja moja: mti uliosimama.

Komba na watu

Komba wa Demidoff hali mahindi wala mihogo ya watu. Hang'ati mtoto, wala haingii nyumbani kuiba. Hula nondo, mende na viwavi, na baadhi yao ni adui wa mashamba. Hata hivyo watu humdhuru kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni hofu. Mtu husikia sauti usiku, humwona mnyama mwenye macho mekundu, humpiga jiwe. Amemwua kwa sababu ya kitu asichokijua.

Njia ya pili ni kumkamata awe mchezo. Komba amefungwa kamba, watoto wanamwamsha mchana ili aruke. Nuru kali humwumiza macho. Hupewa ndizi na mkate, lakini wadudu hapewi. Hana mwenzake wa kulala naye wakati wa baridi. Baada ya siku chache huacha kula, na hufa. Watoto wa kima na wa sokwe pia huuzwa njiani na masokoni, na mara nyingi mama yao ameuawa kwanza na mwindaji. Huko Lwiro, upande wa kaskazini wa Bukavu, mwaka 2002 palianzishwa kituo cha kutunza sokwe na kima walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Wengi walifika wakiwa na vidonda vya kamba na vya risasi. Anayenunua mtoto wa kima kwa huruma humpa mwindaji fedha ya kurudi msituni.

Njia ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kukata msitu. Msitu wa Kahuzi-Biega ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Leo eneo lake ni karibu kilomita za mraba 6,000. Mwaka 1980 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1997, kwa sababu ya vita, uliandikwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Watu wengi huujua kwa ajili ya gorila wake, na gorila anastahili sifa hiyo. Lakini mti mmoja unaokatwa kwa kuchoma makala si mti wa gorila tu. Una kiota cha komba, una utomvu wake, na una njia yake ya kupita bila kushuka chini.

Ni kweli, watu wa mjini wanahitaji makala ya kupikia, na anayeyachoma ana watoto wa kulisha. Shida hiyo haimalizwi kwa maneno tu. Lakini kuna miti inayoweza kupandwa karibu na nyumba na mashamba, ikakatwa na kupandwa tena. Jiko linaloshika moto vema hupunguza makala. Kila gunia lisilotoka msituni ni mti uliobaki.

Mfano wa hatari uko Tanzania. Katika misitu midogo ya pwani anaishi komba wa Rondo, mwenye jina la uwanda wa Rondo karibu na Lindi. Wataalamu walimtambua kuwa aina ya peke yake katika miaka ya 1990 tu. Uzito wake ni kama wa komba wa Demidoff. Lakini misitu yake imekatwa mpaka vimebaki vipande vichache vilivyo mbalimbali, na komba hawezi kuruka kutoka kipande kimoja mpaka kingine. Watu walimjua akiwa amekwisha kuwa karibu kupotea. Komba wa Demidoff bado ni wengi, maana msitu wao bado ni mkubwa. Wataendelea kuwa wengi ikiwa msitu utaendelea kuwapo.

Usiku wa leo wavuvi watawasha taa zao ziwani. Muuguzi atazunguka vitandani. Na huko Kahuzi, mnyama mwenye uzito wa yai atatoka katika kiota chake, atakunjua masikio yake, na kuanza zamu yake.

MASWALI

1. Ni nani wanaofanya kazi usiku katika Bukavu? Taja watatu.
2. Mkono wa komba unaonyesha nini juu ya ukoo wake?
3. Kwa nini macho ya komba hung'aa mbele ya tochi?
4. Kwa nini komba hawezi kuishi kwa majani kama gorila?
5. Mama komba humfanyia nini mtoto wake anapokwenda kuwinda?
6. Komba na marmoseti mdogo wanafanana katika jambo gani, na wanatofautiana katika jambo gani?
7. Rafiki yako anataka kununua mtoto wa kima sokoni. Utamwambia nini?